Mheshimiwa Alivyojifunza Sahihi Yake

Mama mkubwa wangu ni fundi cherehani. Kazi yake ya pili, ambayo hakuna aliyemtuma, ni kumfanyia kazi diwani. Sisemi kumsaidia. Kusaidiana ni wewe unashika upande huu wa gunia, mwenzako anashika ule. Mama mkubwa analibeba gunia zima peke yake, akifika anawaambia watu, "Mshukuruni diwani, kaleta gunia."

Nimemsema miaka minne mpaka mdomo umeota sugu. Hasikii.

Chumba chake cha kazi kiko ukingoni mwa barabara, mlango wa bati, ndani cherehani mbili. Moja ya kukanyaga kwa mguu, inafanya kazi. Nyingine ya umeme, ilikufa zamani, anawekea pasi juu yake. Ukutani zimetundikwa sare za shule, zingine hazina mikono bado. Ukifika saa tatu asubuhi, kwenye benchi la mbele unakuta wateja watatu na wenye shida kumi na moja. Huyu taa ya njia imezimika. Yule takataka za kwake hazijazolewa wiki ya pili. Mwingine mtoto wake anataka barua ya utambulisho aipeleke chuoni. Mama mkubwa anawasikiliza wote, mguu kwenye pedali, pini tatu mdomoni, na anajibu bila kuzitoa. Mpaka leo sijui kwa nini hajameza hata moja.

"Diwani atashughulikia," anasema.

Jioni anavaa viatu vyake vya kwendea mbali, anakwenda mwenyewe kwa watu wa umeme, anakaa kwenye ngazi ya ofisi yao mpaka wanaona aibu. Kesho yake taa inawaka. Anasimama mlangoni na sentimita yake ya kupimia nguo shingoni, anaita kila anayepita: "Mmeona? Diwani wetu huyo!"

Diwani wetu! Mtaa mzima walishampa jina la Mwezi Mwandamo, maana kila ikisemwa kaonekana, watu wanabishana.

"Nilimwona Jumanne kwenye duka la dawa."

"We! Yule alikuwa mdogo wake."

Nikisema kosa ni la mtu yule peke yake nitakuwa mwongo. Zamani alikuwa refa wa mechi za mitaani, na refa wa kweli. Kuna fainali moja aliikatalia penalti timu ya kaka yake wa tumbo moja. Alitupiwa viatu, chupa, mtu mmoja akamtupia kiti, hakutikisika. Mama mkubwa alikuwepo, jezi za timu zote mbili alishona yeye. Akarudi nyumbani anasema, "Yule mtu hanunuliki." Uchaguzi ulipokaribia akamfuata, akambembeleza agombee, akazunguka nyumba kwa nyumba mpaka soli ikaisha. "Mpeni huyu. Akiwaangusha njooni kwangu." Watu wakampa.

Kumbe refa bila filimbi si refa. Yule bwana hawezi kumwambia mtu hapana uso kwa uso. Wiki ya kwanza walijipanga mlangoni kwake tangu alfajiri, huyu anataka kazi, huyu anataka bati, huyu anataka mume wake aongeleshwe. Akawakubalia wote. Halafu akakimbia. Ana banda la kuku nje ya mji, akahamia huko kutwa nzima, anarudi kulala tu. Muhuri wa udiwani akamwachia mama mkubwa. "Dada, we saini tu. Nakuamini."

Muhuri ukawa unakaa kwenye kopo la vifungo. Na sahihi mama mkubwa akaibuni mwenyewe. Alichora anachokijua: zigizaga nne za kubanana kama mshono wa pindo, na mwisho kitanzi, kama mtu anayefunga fundo la uzi. Kalamu haiinuki. Ukimwangalia anavyosaini unajua huyu mtu ameshona miaka ishirini na tano.

"Mama mkubwa," nikamwambia siku moja, "huko kunaitwa kughushi."

"Kughushi ni kumwibia mtu sahihi yake. Huyu hakuwa nayo. Nimempa."

"Si ugombee mwenyewe basi!"

"Nikiwa diwani mimi, nani atanifanyia kazi?" Akakata uzi kwa meno. "Na we kiguu na njia, kazi tatu umebadilisha tangu mwaka uanze, ndiyo unifundishe msimamo?"

Nikaondoka zangu. Na yeye, ukimbana sana kuhusu diwani wake, jibu lake la mwisho ni moja: "Haibi."

"Haibi kwa sababu hayupo!"

"Wapo wasiokuwepo na wanaiba."



Basi ikaja habari ya kidaraja. Kati ya mtaa wetu na zahanati kuna mfereji mkubwa wa maji ya mvua. Mtu mzima akisimama ndani unaona kichwa tu. Juu yake palikuwa na mbao tatu. Mmoja ulichukuliwa na maji mwaka juzi, wa pili umepasuka katikati, kwa hiyo watu walikuwa wanavuka kwa ubao mmoja, upande upande kama kaa. Mama Mkaa, jirani yetu anayeuza mkaa, akateleza na gunia kichwani. Mkaa ukaenda na maji, yeye mkono ukavunjika.

Mwezi huohuo baraza la mji likatangaza linapokea maombi ya miradi ya mwaka. Mwisho Ijumaa, saa tisa alasiri. Ukipitwa, subiri mwaka mwingine, na mvua kubwa zilikuwa zimebakiza wiki sita. Fomu ilitaka vitu viwili: majina ya nyumba zinazotumia njia ile, na sahihi ya diwani. Majina alikusanya Mama Mkaa mwenyewe, mkono kwenye plasta, nyumba mia moja na kumi na mbili. Alhamisi akaja pale kwa fundi, karatasi amezibana kwapani.

"Fundi, majina haya hapa. Ila siyaachii."

"Huyaachii kwa nini, shoga yangu?"

"Nataka asaini mbele ya macho yangu. Yeye mwenyewe. Miaka minne unatuambia diwani kaleta, diwani kafanya. Nimevunjika mkono, hata pole hajanipa. Hivi huyu mtu yupo, au ulimshona?"

Benchi zima likapasuka kwa kicheko. Mzee mmoja aliyekuja kupunguziwa suruali akacheka mpaka akashikilia ukuta. Mama mkubwa akazitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. Nikajua leo kuna jambo.

"Yupo. Kesho saa nne, palepale darajani, atasaini kwa mkono wake. Nyote mje muone."

"Na asipokuja?"

"Asipokuja, Mama Mkaa, usinisikilize tena maisha yako yote. Na hawa wote wasinisikilize."

Walipoondoka nikamgeukia. "Utampata wapi?"

"Una pikipiki."

"Ya rafiki yangu ile."

"Basi mwombe rafiki yako. Saa kumi na mbili uwe hapa."

Ijumaa asubuhi tukamkuta bandani, amevaa buti za mpira, ndoo ya chakula cha kuku mkononi. Alipotuona akaingia nyuma ya pipa la maji.

"Mheshimiwa, buti zinaonekana," mama mkubwa akamwambia.

Akatoka taratibu. Ni mtu mrefu, mwembamba, sauti ya chini kama anaongea na mgonjwa. "Dada, karibuni. Leo nina chanjo ya kuku."

"Kuku hawakukupigia kura. Twende ukasaini fomu ya kidaraja."

"Si usaini wewe?"

"Wanataka wakuone."

"Watanizomea."

"Ndiyo, watakuzomea. Ulitupiwa kiti ukasimama. Mama mmoja mwenye plasta ndiye atakuangusha?"

Akaweka ndoo chini. "Dada, wale walitaka penalti. Haikuwa penalti, nikasema si penalti, basi. Hawa wa sasa kila anayekuja ana haki. Njaa ni ya kweli, bati hakuna ni kweli. Nimpulizie filimbi nani?"

Hapo nilikaribia kumhurumia. Nikakumbuka mama mkubwa kwenye ngazi ya watu wa umeme, huruma ikaisha.

Tukapanda watatu. Mimi mbele, diwani katikati na manyoya ya kuku kwenye nywele, mama mkubwa nyuma kamshika kiuno kama askari aliyebeba mtu wa kutoroka.

Darajani palikuwa na watu hata sitini. Diwani akashuka. Mama Mkaa akamwangalia kuanzia buti mpaka manyoya.

"Kumbe una kivuli."

"Pole na mkono, mama," diwani akasema, akamshika mkono kwa heshima zote.

"Huo mzima. Mbovu ni huu."

Watu wakacheka, lakini haikuwa kuzomea. Fomu ikawekwa juu ya kiti cha pikipiki. Diwani akainama akaandika jina lake zima, majina yote matatu, herufi kwa herufi kama mwalimu wa darasa la kwanza ubaoni, halafu akapiga mstari chini yake.

"Anaandika barua ya mapenzi?" mtu akauliza huko nyuma.

Alipomaliza wakapiga makofi. Mama mkubwa akachomoa muhuri kwenye pochi, akaugonga mwenyewe, akanigeukia, uso unang'aa. "Umeona sasa?"

Nikasema nimeona. Kweli nilikuwa nimeona. 

Mama Mkaa akayaachia majina. "Na fomu akaikabidhi mwenyewe," akasema. "Asije akapotelea njiani."

Ofisi ya baraza siku ya mwisho ilikuwa kama kisima cha mtaa wakati wa kiangazi. Kila mtu ana fomu, kila mtu anasema yeye ndiye alitangulia. Tulisimama dirisha namba nne mpaka miguu ikawa mbao. Saa nane na dakika kumi na tano ndipo tukamfikia karani, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Akafungua fomu. Akayahesabu majina kwa kidole. Sawa. Akafika kwenye sahihi. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Hii nini?"

"Sahihi ya diwani," mama mkubwa akajibu.

"Hii si sahihi ya diwani."

Nikacheka. "Mama, diwani mwenyewe huyu hapa amesimama."

Karani akamtazama. "Shikamoo mheshimiwa. Sura nakujua, kwenye vikao unakaa nyuma ya nguzo. Lakini mimi sipokei sura. Napokea sahihi." Akavuta droo, akatoa kadi ya manjano, akaibandika kwenye kioo tuione. Ilikuwa kadi ya sampuli, ile anayojaza kila diwani siku za mwanzo ili ofisi ijue mkono wake. Sahihi tatu. Zigizaga nne na kitanzi. Zigizaga nne na kitanzi. Zigizaga nne na kitanzi.

Halafu akainua jalada nene kama tofali. "Na barua zako zote hizi. Miaka minne mkono haujawahi kutetereka, mimi huwa nawaambia wenzangu hapa, angalieni mtu mwenye mkono. Leo mnaniletea jina limeandikwa kama la daftari la shule. Nitajuaje kama si mtu kaghushi?"

Nikamwangalia mama mkubwa. Alikuwa anaangalia dari.

Kumbe ile kadi ilikuja wiki ileile ya foleni ya alfajiri, ilitakiwa irudi siku hiyohiyo, na diwani alikuwa ameshakimbilia kwa kuku. Mama mkubwa akaijaza. Kwa hiyo kiofisi, sahihi ya diwani ni ya mama mkubwa, na diwani mwenyewe ndiye anaghushi sahihi ya diwani. Nilitaka kulia, nilitaka kucheka, nilitaka kupiga teke ukuta wa serikali.

"Naweza kuibadilisha?" diwani akauliza kwa ile sauti ya wodini.

"Unaweza. Unaandika barua, inakwenda kwa mwanasheria, wiki mbili, tatu. Ila maombi yanafungwa saa tisa leo." Akapenyeza ukurasa mpya wa sahihi chini ya kioo. "Chukua huu. Kasaini kama ulivyozoea, rudi hapahapa, usipange foleni tena."

Kama alivyozoea!

Tukakaa kwenye benchi la ukumbini. Pembeni yetu mzee mmoja amelala, kofia usoni. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika ishirini na mbili.

"Mama mkubwa, saini tuondoke," nikasema. Ndiyo, mimi. Mimi niliyempigia kelele miaka minne. "Zigizaga nne na kitanzi. Hata dakika haiishi."

"Hapana."

"Hapana nini? Kidaraja kinakwenda hicho!"

"Nimewaambia watu anasaini mwenyewe. Wametoa majina kwa neno hilo."

"Nani anakuona hapa?"

"Mimi najiona."

Diwani naye akanong'ona, "Dada, kijana anasema kweli. Saini tu."

Hapo ndipo nilimwona mama mkubwa amekasirika. Yeye huwa ananung'unika, anasonya, lakini hasira kabisa sikuwahi kuiona. Alisema polepole, na polepole yake ilikuwa mbaya kuliko kelele.

"Mheshimiwa. Miaka minne nimekubeba, nimekubeba mgongoni kama mtoto mchanga, na kila nyumba niliyobisha hodi nimesema ni wewe uliyenituma. Watu wananicheka nikipita. Jana wameniuliza kama nilikushona. Sijawahi kukudai kitu. Leo nakuomba mistari minne. Ukishindwa, tunarudi mikono mitupu, na utakwenda kumwambia Mama Mkaa kwa mdomo wako. Mimi kalamu siigusi."

Diwani akasogea karibu naye. Akaichukua kalamu.

Mama mkubwa akageuza tangazo la zamani alilolikuta kwenye benchi, akamwekea mapajani. "Tizama. Usiinue kalamu. Ni kama unapinda pindo la suruali."

"Sijawahi kupinda pindo."

"Leo utapinda."

Ya kwanza ikatoka kama milima. Ya pili kama siafu kaanguka kwenye wino. Ya tatu kalamu ikatoboa karatasi. Mama mkubwa anamshika kidole, anamwambia legeza, legeza, usibane kama unakamua nguo. Saa nane na nusu. Saa nane na dakika thelathini na nane. Mimi natembea huku, natembea kule, kila nikigeuka nakuta zigizaga nyingine mbovu kuliko iliyopita. Karani akatoka kwenda kuchukua chai, akapita mbele yetu. Diwani akaifunika karatasi kwa kiwiko kama mwanafunzi anayeibia mtihani.

"Bado?" karani akauliza.

"Anapasha mkono moto," nikamjibu.

Akaenda zake. Mama mkubwa akajifuta jasho kwa ukingo wa kitenge. Kisha akamwangalia yule bwana, akauliza swali ambalo mimi nisingelifikiria hata kidogo.

"Uwanjani, ukimpa mtu kadi, namba yake ulikuwa unaiandikaje?"

"Haraka tu. Huku nakimbia."

"Umekaa?"

"Refa hakai, dada."

"Basi simama. Kimbia."

"Hapa?"

"Hapa!"

Akasimama, akatazama kushoto, kulia, akaanza kukimbia ukumbini na buti zake za mpira, puu puu puu, karatasi kwenye kiganja cha kushoto, kalamu kulia. Akafika mwisho, akageuka, anarudi. Mzee wa kofia akaamka akauliza kama kuna moto. Diwani akafika akatuonyesha. Mistari minne. Kitanzi kilikosekana, lakini mistari ilikuwa minne, imebanana, imelala sawa.

"Tena!" mama mkubwa akasema. "Mwisho funga fundo!"

Mara ya pili kitanzi kikatokea. Mara ya nne ukiziweka pamoja na zile za kadi, labda fundi mwenyewe tu angejua. Saa nane na dakika hamsini akakimbia na ukurasa wenyewe. Nilifumba macho. Nilipofumbua mama mkubwa alikuwa anaupuliza wino ukauke.

Dirishani karani akachukua kadi, akachukua ukurasa, akaviweka sambamba. 

"Kitanzi kimekuwa kikubwa."

"Ana furaha leo," mama mkubwa akasema.

"Hmm. Mheshimiwa, saini tena hapa pembeni nione."

 Nyuma yetu foleni, mbele yetu kioo, nafasi ya kukimbia iko wapi? Diwani akashika kalamu.  Nikamwona anatazama chini, halafu magoti yakaanza: moja juu, lingine juu, anakimbia palepale aliposimama kama mchezaji wa akiba.

"Ana nini?" karani akauliza.

"Miguu," nikasema. "Amekaa sana kwenye benchi lenu."

Zigizaga nne. Kitanzi. Karani akalinganisha, akanyanyua muhuri wa kupokea, akaugonga. Saa tisa kasoro dakika tatu.  Mama mkubwa akakaa chini palepale sakafuni, mbele ya foleni nzima, akanyoosha miguu.

Wiki ya tatu wakaja wapimaji na kamba. Wiki ya tano likaja lori la nondo na saruji, na mvua kubwa ikanyesha kidaraja kina zege na vyuma vya kushikilia pande zote mbili. Hilo siwezi kulikana. Ninavuka hapo kila siku.

Lakini mkidhani ndiyo nimepumzika, hamjui. Kabla ya Ijumaa ile diwani alikuwa hapatikani. Sasa haondoki. Jumatatu yake tu alikuja pale kwa mama mkubwa saa mbili asubuhi, ameoga, buti kaziacha kwa kuku, akauliza, "Dada, hakuna barua za kusaini?" Na tangu siku hiyo kila asubuhi yupo. Amegundua kwamba akiwa anasaini haogopi mtu. Mtu analeta shida yake, yeye anaisikiliza mpaka mwisho, ikiwa haiwezekani anasema haiwezekani, waziwazi, kama si penalti. Halafu anasimama, anatafuta nafasi kati ya cherehani na meza ya kukatia, anaanza kukimbia palepale. Akikosea anachana karatasi, anaanza upya. Barua moja robo saa. Foleni inatoka mlangoni inapinda kwenye kona, vitambaa vinadondoka, sare za shule zimechelewa, na mama mkubwa anashona amejikunja pembeni kama mgeni nyumbani kwake.

"Mwambie akae nyumbani," namwambia.

"Miaka minne ulikuwa unalia hayupo. Sasa yupo unalia. Wewe unataka nini hasa?"

Juzi Mama Mkaa kaja, plasta imeshatoka, anataka barua ya binti yake. Akaikuta foleni ya watu kumi na nne. Akapenya mpaka kwa mama mkubwa, akamwinamia sikioni, lakini Mama Mkaa hajui kunong'ona, tulimsikia wote.

"Fundi, nina haraka. Nichoree tu zile zigizaga zako niende."

Mama mkubwa akashtuka. "Zangu zipi?"

"Aa, shoga. Sketi hii niliyovaa pindo lake nani kalipinda? Unadhani mtaa mzima hatuujui mshono wako?"

 Diwani akasimamisha magoti. Mama mkubwa akamtazama Mama Mkaa, akautazama mkono wake uliopona, akatutazama sisi mmoja mmoja, mimi wa mwisho. Nikasema sasa hapa leo atakubali. Leo atasema ukweli, wachukue kalamu wampe, tuende zetu nyumbani.

Akarudisha pini mdomoni.

"Sahihi ni ya diwani," akasema. "Nenda mwisho wa foleni."

Na Mama Mkaa, ambaye hajawahi kumtii mtu yeyote tangu nimjue, akaenda.